Korona Imepita, Deni la Akina Mama Limebaki

Ugonjwa wa mlipuko ukiingia nchini, watu huuliza wameugua wangapi na wamekufa wangapi. Ni haki kuuliza. Sisi wauguzi wa hospitali ya misheni tunaongeza swali la tatu: ni nani aliyepaswa kuja hospitali siku zile na hakuja? Mwezi huu, katika ukurasa wetu wa afya, tunawazungumzia akina mama wa Shinyanga, Kahama na Geita ambao zamu yao ya kupimwa kansa ya mlango wa kizazi na ya matiti iliangukia wakati wa Korona, ikapita bila wao kupimwa.

Maoni yetu tunayaweka wazi mapema, ili kila familia iyapime inapoendelea kusoma. Kusimamisha uchunguzi wa kansa kwa majuma machache, wakati wa hatari kubwa, kunaweza kuwa busara. Hasara huja pale uchunguzi unaposimama bila kuandikwa majina ya walioachwa na bila kuwekwa tarehe ya kuwaita tena. Hapo majuma hugeuka kuwa miaka, na mama hubaki na deni ambalo hajui hata kuwa analidai.

Kansa isiyobisha hodi

Kansa ya mlango wa kizazi ndiyo inayoua akina mama wengi kuliko kansa nyingine yoyote hapa Tanzania. Makadirio ya taasisi ya utafiti wa kansa iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani yanaonyesha kuwa kila mwaka nchini mwetu hupatikana wagonjwa wapya zaidi ya 10,000, na hufa zaidi ya 6,500. Gawanya kwa siku za mwaka utapata akina mama kama 18 kila siku.

Karibu wagonjwa wote huipata kutokana na virusi viitwavyo HPV, vinavyoenea kwa njia ya kujamiiana. Watu wengi waliooa na kuolewa wamewahi kuvipata bila kujua, na kwa walio wengi mwili huvishinda wenyewe. Kwa wachache hubaki kimya, na taratibu hubadilisha chembechembe za mlango wa kizazi. Tunaomba familia zielewe hapa: kukutwa na virusi hivi si ushahidi wa uzinzi, maana vinaweza kukaa mwilini miaka mingi kabla ya kuonekana.

Kwa mama mwenye afya, safari ya kutoka mabadiliko ya kwanza hadi kansa huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mama mwenye virusi vya UKIMWI ambaye hatumii dawa, inaweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu. Muda wote huo hakuna maumivu. Mama analima, anapika, anaimba kwaya. Damu na harufu mbaya vinapoanza, mara nyingi ugonjwa umekwisha kwenda mbali.

Ndiyo maana ya uchunguzi. Muuguzi hupaka siki iliyopunguzwa ukali kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja, kisha huangalia kwa macho. Palipo na kasoro hugeuka kuwa peupe. Kama ni sehemu ndogo, hutibiwa siku ileile kwa baridi kali au kwa joto, na mama hurudi nyumbani kwa miguu yake. Siku hiyohiyo hukaguliwa matiti. Wanaoitwa hasa ni akina mama wa miaka 30 hadi 50. Aliyekutwa salama kwa kipimo cha siki hurudi baada ya miaka mitatu. Mwenye VVU huanza mapema, kwenye miaka 25, na hurudi kama kliniki yake inavyompangia. Siki, pamba, taa na dakika chache: hicho ndicho kilichosimama.

Kazi iliposimama bila amri

Machi 11, 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa Korona ni janga la dunia nzima. Machi 16 Serikali yetu ikatangaza mgonjwa wa kwanza, aliyekutwa Arusha, na kesho yake shule zikafungwa. Majirani walichukua hatua kali zaidi. Kenya iliweka amri ya kutotoka nje usiku. Uganda ilizuia magari ya abiria na hata ya binafsi, mgonjwa akahitaji kibali cha kusafiri. Huku kwetu ibada, masoko na machimbo viliendelea. Kwa sababu hiyo wapo wanaosema kuwa huduma za kawaida za hospitali hazikuguswa.

Sivyo tulivyoona sisi. Uchunguzi ulipungua bila mtu yeyote kuamuru upungue. Sababu ni hizi:

Kwanza, hofu. Watu waliiona hospitali kuwa ndiyo nyumba ya Korona. Mtu mwenye homa kali alibaki nyumbani akapiga nyungu. Sembuse mama asiyeumwa chochote?

Pili, watumishi. Kupima kwa siki kunahitaji muuguzi aliyefundishwa kazi hiyo, na katika vituo vingi vya mikoa yetu hao ni mmoja au wawili. Mlipuko ukija, muuguzi huyo hupangiwa getini kupima joto la wanaoingia, au chumba cha kuwatenga wagonjwa. Chumba cha uchunguzi hufungwa, na hakuna anayelalamika, kwa sababu waliokuwa waingie humo hawaumwi.

Tatu, vifaa. Glavu na barakoa ziliadimika na kupanda bei duniani kote. Bila glavu hakuna uchunguzi. Zikiwa chache hupelekwa kwanza chumba cha kujifungulia, na hakuna muuguzi atakayepinga hilo.

Nne, kliniki za mkoba. Akina mama wengi wa vijijini hawapimwi hospitalini. Hupimwa siku timu ya wauguzi inapofika zahanati ya kijiji au uwanja wa parokia, baada ya tangazo la Jumapili. Mikusanyiko ilipozuiwa, safari hizo zilikuwa za kwanza kufutwa.

Tano, kliniki za VVU. Ili kupunguza msongamano, watu waliokuwa wakichukua dawa kila mwezi walipewa za miezi mitatu, hata sita. Ilikuwa hatua nzuri na bado tunaiunga mkono. Lakini mama aliyekuwa akija mara 12 kwa mwaka akija mara 2 tu, nafasi za kumkumbusha kupimwa nazo hupungua. Na huyo ndiye aliye katika hatari zaidi, kwani mama mwenye VVU ana uwezekano mara 6 wa kupata kansa ya mlango wa kizazi kuliko mama asiye navyo.

Hatukuwa peke yetu. Mwezi Mei 2020 Shirika la Afya Duniani liliuliza nchi 155 kuhusu huduma zao. Zaidi ya nusu zilijibu kuwa mipango ya kuwapima watu kansa, kama ya matiti na ya mlango wa kizazi, imeahirishwa. Marekani, yenye hospitali na mashine za kila aina, ina mpango wa serikali wa kuwapima akina mama wa kipato cha chini. Aprili 2020, uchunguzi wa matiti katika mpango huo ulishuka kwa asilimia 87, na wa mlango wa kizazi kwa asilimia 84, ukilinganishwa na wastani wa mwezi huohuo katika miaka mitano iliyotangulia. Kwa hiyo jambo hili halikuletwa na umaskini peke yake. Popote pale, mgonjwa asiyeumwa ndiye wa kwanza kuambiwa asubiri.

Ugumu wa ukanda wa dhahabu

Mahali pengine, mama aliyekosa zamu yake Aprili anaweza kutafutwa Septemba nyumbani kwake. Katika ukanda wetu wa dhahabu si rahisi hivyo. Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, Mwakitolyo na Kakola kuna akina mama wengi wanaoponda mawe, wanaochekecha, wanaouza maji na wanaopikia wachimbaji. Ikisikika rashi mahali, kambi nzima huweza kuhama kwa siku chache. Agosti 2020 bei ya dhahabu duniani ilivuka dola 2,000 kwa wakia kwa mara ya kwanza. Wakati wauguzi wanasubiri hali itulie, machimboni ndipo mbio zilipokuwa kali.

Mama wa machimboni anapata riziki ya siku kwa kazi ya siku. Akiacha mawe yake kwenda kliniki, watoto watakula nini jioni? Anapohama, kadi ya kliniki hubaki kwenye mfuko wa nailoni kambini, na laini ya simu hubadilika. Daftari la hospitali linasema yupo Rwamgasa, kumbe yeye yuko Chunya. Kwa wengine tunaweza kusema kuwa uchunguzi ulichelewa. Kwa huyu inakuwa kana kwamba hakuwahi kuandikwa.

Wakulima nao wana shida yao. Miezi ile ya kwanza ya Korona iligongana na mavuno, na mama wa shamba la pamba husafiri pale pamba inapokuwa imeuzwa. Siku alizokuwa na nauli, kliniki ya mkoba haikuja kijijini.

Wapo pia waliokuwa wamekwisha kupimwa kabla ya Machi 2020 na kukutwa na uvimbe wa kutilia shaka. Kipande cha nyama hupelekwa maabara kubwa, majibu yanasubiriwa, kisha mama hupelekwa Bugando, Mwanza, hospitali ya rufaa ya kanda iliyo chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, yenye matibabu ya kansa pamoja na mionzi. Wengine huenda Taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam. Mnyororo huo ni mrefu, na kila pete yake iliweza kukatika siku zile. Kwa mama wa Geita na Sengerema kulikuwa pia na foleni ya kivuko cha Busisi na Kigongo. Namshukuru Mungu, tunasema wote, kwa daraja la J. P. Magufuli lililofunguliwa Juni 19, 2025. Safari ya Bugando imekuwa nyepesi. Kilichobaki ni mama kujua kwamba anapaswa kusafiri.

Wasichana waliozaliwa 2006

Deni hili lina upande wa pili, nao ni wa mabinti zetu. Chanjo ya kuzuia HPV ilianza kutolewa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Zilikuwa dozi mbili, zikitenganishwa kwa miezi sita, na wengi walichanjwa shuleni. Mwaka 2020 shule zilifungwa Machi 17. Kidato cha sita na vyuo walirudi Juni 1, na wengine wote Juni 29.

Tufikirie msichana aliyezaliwa 2006. Mwaka ule alikuwa na miaka 14, umri uleule wa chanjo. Miezi mitatu nje ya shule ni mirefu kwa binti wa kanda hii. Wapo waliokwenda machimboni kuuza vitumbua, wapo waliopata mimba, wapo walioozwa. Mkoa wa Shinyanga umetajwa kwa miaka mingi miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa ndoa za utotoni. Shule zilipofunguliwa, msichana asiyerudi darasani hakuwepo siku wauguzi walipokuja na chanjo. Na kwa dunia nzima, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikadiria kuwa mwaka 2020 wasichana walioikosa kinga kamili ya HPV waliongezeka kwa milioni 1.6 kuliko mwaka uliotangulia.

Aprili 2024 nchi yetu ilibadili utaratibu. Sasa ni dozi moja, na kampeni ya mwaka ule iliwalenga wasichana wote wa miaka 9 hadi 14. Ni habari njema sana. Lakini binti yetu wa 2006 alikuwa na miaka 18. Mlango wa kwanza ulifungwa kabla hajaingia, na wa pili ulifunguliwa alipokuwa amepita umri. Huyo naye aandikwe katika daftari la deni.

Kwa wazazi ambao binti zao walipata dozi ya kwanza na kukosa ya pili, tuna neno la faraja, na limetoka hapa jirani. Kuanzia mwaka 2017, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wenzao waliwafuatilia wasichana 930 jijini Mwanza ili kujua kama dozi moja inatosha. Walikuta kwamba dozi moja hujenga kinga ya kudumu na ya kutegemewa. Matokeo hayo ya Mwanza ni miongoni mwa ushahidi uliotumika mwaka 2022 dunia iliposhauriwa kuanza kutumia dozi moja. Basi binti aliyechanjwa mara moja tu asihuzunike. Kama ana VVU, huyo anahitaji zaidi ya dozi moja, na aulize kliniki yake.

Walioandika majina

Uskoti ilisimamisha rasmi uchunguzi wa kansa mwisho wa Machi 2020. Lakini kila mama wa Uskoti mwenye umri wa kupimwa yumo katika orodha ya taifa, na huandikiwa barua zamu yake inapofika. Kwa hiyo waliposimama walijua wamemwacha nani. Walipofungua tena katikati ya mwaka uleule, waliwaita kwanza wale waliokuwa chini ya uangalizi wa karibu, halafu wakawarudia wengine wote. Walisimama, wakakumbuka, wakarudi.

Msomaji atatuambia kuwa Uskoti ina kompyuta na fedha. Ni kweli. Lakini na sisi tunacho kitu ambacho hospitali nyingi za Ulaya hazina. Tuna jumuiya ndogondogo. Kila jumuiya inajua nyumba zake moja moja. Inajua nani amejifungua, nani amehamia Katoro, nani amefuata rashi na atarudi lini. Daftari la jumuiya hujua mapema kuliko daftari la hospitali kwamba mama fulani amehama. WAWATA wako katika kila parokia. Tukiyaunganisha haya na chumba cha uchunguzi, tutakuwa na orodha ya kuwaitia akina mama pasipo kununua mashine hata moja.

Je, tulipaswa kuwaacha wagonjwa wa Korona?

Wapo watakaosema: “Ninyi wauguzi mnataka nini? Watu walikuwa wanakosa pumzi. Je, muuguzi amwache anayekata roho ili amkague mwenye afya?” Swali hili ni la haki, na jibu letu ni hapana. Anayekosa pumzi hushughulikiwa kwanza. Katika majuma ya hatari kubwa, mama aliyepimwa mwaka jana akakutwa salama anaweza kusubiri. Kansa hii inakwenda polepole, na miezi mitatu haitamdhuru.

Lakini wanaongoja hawalingani. Yupo aliyekutwa na alama nyeupe na bado hajatibiwa. Yupo mwenye VVU. Yupo wa miaka 45 ambaye hajapimwa hata mara moja tangu azaliwe. Hawa wakiambiwa “subiri Korona iishe”, wanaweza kusubiri mpaka kaburini. Korona nayo haikwisha kwa majuma. Januari 2021 Maaskofu wetu waliwaonya waamini kuhusu wimbi jipya, chanjo yake ilizinduliwa nchini Julai 28, 2021, na ni Mei 5, 2023 tu ambapo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa hali ya dharura imekoma. Ni zaidi ya miaka mitatu, yaani zamu nzima ya uchunguzi kwa kila mama.

Majirani zetu wa Kongo wametupa fundisho lingine. Ebola iliyozuka Kivu Kaskazini mwaka 2018 ilikomeshwa Juni 2020, ikiwa imeua watu zaidi ya 2,200. Dunia nzima iliitazama. Wakati huohuo surua, ugonjwa wa siku zote wenye chanjo ya siku zote, iliua watu zaidi ya 6,000 katika nchi hiyohiyo, wengi wao watoto wadogo. Macho yote yakielekezwa kwenye ugonjwa mpya, ule wa zamani hupita mlango wa nyuma.

Wala tusidhani kuwa milipuko imekwisha. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Bukoba. Januari 2025 ulitangazwa tena Biharamulo, wilaya inayopakana na Chato. Mara zote mbili ulidhibitiwa kwa miezi michache. Lakini kila unapozuka, wauguzi huitwa, glavu huhesabiwa, na watu huogopa hospitali. Tunayoyasema hapa yataulizwa tena siku moja, na ni afadhali yawe na majibu mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tunashauri nini?

1. Kila mama wa miaka 30 hadi 50 atafute kadi yake. Kama hajawahi kupimwa, au kama miaka mitatu imepita tangu apimwe kwa siki, afike kituo cha afya mwezi huu. Katika vituo vingi vya serikali huduma hii ni ya bure. Mwenye VVU aombe kupimwa siku anapokwenda kuchukua dawa. Asingoje kukumbushwa.

2. Akina mama waliokuwa na miaka 45 na kuendelea mwaka 2020 sasa wamefika au wamepita 50. Kwa aliyekoma hedhi siki haionyeshi vizuri, kwa sababu sehemu inayotakiwa kuonekana hujificha ndani. Hiyo isiwe sababu ya kukata tamaa. Kama hukuwahi kupimwa, njoo uulizie kipimo kingine kinachokufaa.

3. Dalili hizi hazisubiri zamu, wala mlipuko kuisha: kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, damu kati ya hedhi na hedhi, damu baada ya kukoma hedhi, uchafu wenye harufu kali, uvimbe kwenye titi au kwapani, chuchu kutoa damu au kuingia ndani, ngozi ya titi kuwa kama ganda la chungwa. Damu kwa bibi wa miaka 60 si ujana uliorudi, wala si kazi ya mchawi. Apelekwe hospitali kabla ya kupelekwa kwa mganga.

4. Akina baba, nauli ya bodaboda na ruhusa ya siku moja mara nyingi viko mikononi mwenu. Mkumbushe mkeo kama unavyokumbuka siku ya kuchanja ng'ombe. Akirudi na majibu, yawe ni sababu ya kumtunza, na yasiwe mwanzo wa ugomvi.

5. Jumuiya ichague mama mmoja anayeaminika. Kazi yake iwe kuandika nani anahitaji kwenda kupimwa na kumkumbusha siku ikifika, basi. Majibu ya kipimo hayamhusu. Hayo ni siri ya mama na muuguzi wake. Siri ikivuja mara moja, daftari hilo halitafaa tena.

6. Wazazi na walezi, binti wa miaka 9 hadi 14 apate chanjo yake hata kama hayuko shuleni. Zahanati itampokea. Kwa binti wa 2006 aliyeikosa, mwambieni tangu sasa kwamba akifika miaka 30, au 25 kama ana VVU, kupimwa ni lazima kwake.

7. Wakuu wa vituo vya afya na parokia waandike mpango kabla ya mlipuko mwingine. Mpango huo useme muuguzi gani wa uchunguzi hatahamishwa, glavu ngapi zitatengwa, nani ataitwa kwanza, na uchunguzi utarudi tarehe gani. Kipo pia kipimo cha virusi vya HPV vyenyewe, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza mwaka 2021 kuwa bora zaidi. Mama anaweza kujichukulia sampuli faraghani kwa pamba maalumu, bila kukaa katika chumba chenye watu. Mashine zilizopo katika hospitali nyingi kwa ajili ya kupima kifua kikuu zina uwezo wa kukifanya, zikipata vifaa vyake. Kipimo cha namna hii kingeweza kuendelea hata wakati wa Korona, na inafaa tukidai kifike katika wilaya zetu.

Wapendwa wasomaji, Novemba 17, 2020, Korona ikiwa bado inawaka, Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa kuikomesha kansa ya mlango wa kizazi. Malengo yake kufikia mwaka 2030 ni matatu: wasichana 90 katika kila 100 wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, akina mama 70 katika kila 100 wapimwe kwa kipimo bora wakiwa na miaka 35 na tena wakiwa na 45, na wagonjwa 90 katika kila 100 watibiwe. Mwaka 2030 hauko mbali. Huku kwetu hesabu hiyo itaanzia kwa wale ambao zamu yao ilipita.

Muda bado upo. Kwa kuwa kansa hii hukua polepole, mama wengi waliokosa kupimwa mwaka 2020 na 2021 bado wako mahali ambapo dakika chache za matibabu zinatosha. Miaka kumi ijayo wengi wao hawatakuwa hapo. Basi katika mkutano wa jumuiya wa juma hili, kabla ya kufunga kwa sala, mwenyekiti aulize swali moja tu: ni mama yupi kati yetu ambaye hajapimwa tangu Korona? Majibu hayatatolewa hadharani, na hayana haja ya kutolewa. Inatosha kila mama ajijibu moyoni, na Jumatatu asubuhi tumwone kliniki.